Kahawa ya Kuchemsha na Mbinu za Kuing'arisha: Maswali Yanayoulizwa Kila Siku Kwenye Sigiri Yangu

Kwa Kiingereza maswali yanayoulizwa mara kwa mara hufupishwa FAQ, lakini huku Uganda ukimtajia mfanyabiashara wa kahawa herufi hizo, hawazi maswali hata kidogo. Anawaza gunia: robusta, aina ya kahawa tunayoilima sana, iliyokwisha kukobolewa lakini bado haijachambuliwa kwa ukubwa wa punje. Basi tusije tukapotezana. Gunia la kuuza sina. Nina sigiri, sufuria mbili, dele la shaba nililoachiwa na mjomba aliyekuja nalo kutoka Mombasa, na benchi linalobeba watu sita wakibanana, hapa Kampala ya Kale, chini kidogo ya msikiti mkubwa. Wateja wangu wanapenda kuuliza, na wengi wanauliza yaleyale. Nimeyaandika majibu ili nami nipate nafasi ya kukaanga buni bila kuiunguza.

Kung'arisha kahawa ndiyo kufanya nini?

Ukichemsha maji pamoja na unga wa kahawa, sehemu kubwa ya unga hushuka chini yenyewe. Lile vumbi laini ndilo halishuki. Linaelea humo ndani, kahawa inakuwa kama maji ya mto baada ya mvua, na ukifika nusu ya kikombe ulimi unaanza kukwaruzwa. Kung'arisha ni kulifanya vumbi hilo litue. Unaweza kuliachia muda, au ukalipa kitu cha kung'ang'ania ili liwe zito na lizame, au ukaweka kizuizi mdomoni mwa chombo. Mbinu zote nitakazozitaja, pamoja na zile zitakazokuchekesha, zinarudi hapo.

Si bora ninunue kichujio cha karatasi?

Kama kipo jirani na bei unaiweza, nunua. Sina ugomvi na karatasi. Ilibuniwa mwaka 1908 na mama mmoja wa Dresden, Ujerumani, Melitta Bentz, ambaye alikuwa amechoshwa na mashapo kwenye kikombe chake. Alitoboa kopo la shaba kwa msumari, akachana karatasi ya kukaushia wino kwenye daftari la mwanawe, akaitandika humo na kumimina kahawa. Leo jina lake liko kwenye vichujio duniani kote.

Ila fikiria: kabla ya 1908 watu walikwisha kunywa kahawa kwa mamia ya miaka, na si kwamba wote walikuwa wakitafuna mashapo. Tena karatasi hunasa mafuta ya kahawa, na mafuta hayo ndiyo yanayoifanya kahawa ijae mdomoni. Kahawa ya kuchemsha iliyotua vizuri ni safi kwa macho na bado ni nzito kwa ulimi. Ladha hiyo karatasi haikupi.

Ni kweli kuna watu wanatia yai zima kwenye kahawa?

Kweli kabisa, tena kanisani. Wahamiaji wa Sweden na Norway waliohamia Marekani, hasa jimbo la Minnesota, walizoea kupika kahawa ya yai kwa ajili ya waumini wa makanisa ya Kilutheri, birika moja likitosha watu wengi baada ya ibada. Mpaka leo kahawa hiyo huuzwa kwenye maonyesho ya kila mwaka ya jimbo hilo, na watu hupanga foleni.

Kipimo ninachotumia mimi ni hiki: maji lita mbili, kahawa iliyosagwa nene vijiko kumi vya chakula, na yai moja. Maji yawekwe motoni. Kwenye bakuli, vunja yai ndani ya kahawa, ponda na ganda lake (lioshwe kwanza, tafadhali, kuku hawavai viatu), ongeza maji baridi robo kikombe, ukoroge. Utapata tope jeusi linalofanana kabisa na udongo wa shambani. Mimina tope hilo kwenye maji yanayochemka, punguza moto, acha litokote dakika tatu. Usiondoke, maana povu hupanda ghafla na kuzima mkaa wako. Epua, mwagia kikombe kimoja cha maji baridi, funika, subiri dakika kumi. Kisha mimina polepole.

Nilipofanya hivi mara ya kwanza mbele ya watu, hajati mmoja, mteja wangu wa siku zote, alisimama kabisa kutoka kwenye benchi. "Wewe mtoto, unatupikia kahawa au rolex?" Benchi zima likacheka, maana rolex yetu ni chapati iliyokunjiwa mayai. Sikumjibu. Ndani ya sufuria donge lilikuwa limeshikana, jeusi, lina mashimo kama kitumbua kilichoungua, linaelea katikati. Nilipomwaga maji baridi likatikisika, likainama upande mmoja, likazama taratibu kama mtu anayekaa kwenye kiti asichokiamini. Kilichobaki juu kilikuwa na rangi ya asali ya msituni. Nilimimina kwenye glasi makusudi, si kikombe, nikaiinua kwenye jua. Vidole vyangu vilionekana upande wa pili. Hajati akanywa, akanyamaza, akanyoosha glasi niongeze. Baadaye akaniambia kwa sauti ya chini kwamba sukari hakuitaka.

Sababu yake ni rahisi. Ute wa yai ni protini. Ukipata joto unaganda na kutengeneza wavu, wavu unakamata vumbi la kahawa na kulifunga donge moja. Protini hiyohiyo hushikana na tanini na baadhi ya vitu vichungu, ndiyo maana kahawa inatoka laini kuliko unavyoitarajia. Kwa robusta yetu, ambayo haina haya kwa uchungu, yai ni rafiki wa kweli.

Haitanuka yai?

Hainuki, mradi yai ni zima. Yai bovu litakuaibisha mbele ya wageni.

Hiyo ndiyo kahawa ya yai ya Vietnam?

Hapana, watu wanazichanganya sana. Ile ya Hanoi ilianza mwaka 1946, maziwa yalipokuwa adimu, na aliyeibuni, Nguyen Van Giang, alikuwa akifanya kazi kwenye hoteli ya Metropole. Yeye alitumia kiini, akakipiga hadi kikawa povu zito, akakiweka juu ya kahawa badala ya maziwa. Hilo ni pambo na utamu, halisafishi kitu. Ni tamu lakini, siwezi kusema uongo.

Nikitumia maganda ya mayai peke yake?

Yanasaidia kidogo. Ganda ni chokaa, kwa hiyo hupunguza ukali wa asidi, na ule utando wake wa ndani hukamata vumbi kiasi. Kwa arabika, ile aina nyingine ya kahawa, ya Mlima Elgon yenye uchachu mzuri mimi sifanyi hivyo. Ni kama kumpaka mtu rangi ya ngozi aliyozaliwa nayo. Kwa kahawa iliyolala sana dukani, jaribu.

Maji baridi yanafanya nini hasa?

Yanazima mchemko. Maji yanayochemka huwa yanazunguka chini juu, juu chini, na vumbi linabebwa humo kama abiria wa bodaboda. Ukiyatuliza, vumbi linashuka. Zaidi ya hapo maji baridi ni mazito kuliko ya moto, kwa hiyo yanaposhuka yanausukuma chini ule unga ulioganda juu. Kwa watu wawili nyumbani nusu kikombe kinatosha kabisa. Hii ndiyo mbinu ya wasio na chochote, na ukinilazimisha nichague moja tu maishani, nachagua hii.

Nimesikia wazungu wa zamani walitumia samaki. Ni utani?

Si utani, na sisi watu wa ziwani ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kushangaa.

Ndani ya samaki kuna mfuko wa hewa unaomsaidia kuelea. Watanzania huuita bondo. Mabondo ya sangara wa Ziwa Viktoria leo ni biashara kubwa: hukaushwa na kupelekwa China, ambako huliwa kwenye supu na huuzwa ghali kuliko minofu ya samaki mwenyewe. Lakini bondo lililokaushwa lina kazi nyingine ya zamani. Ulaya walichukua la samaki wakubwa wa Urusi waitwao stajoni, wakalikatakata kuwa utando mweupe, wakalitumia kusafisha bia na mvinyo. Karne ya 18 na ya 19 walilitumbukiza na kwenye kahawa, kipande kidogo kama ukucha kwa birika zima. Sweden na Norway walikausha ngozi ya samaki, wakakata kipande na kukitumbukiza humo. Kazi ni ileile ya yai: kolajeni, yaani protini ya samaki, inashikana na vumbi na kuzama nalo.

Nami nikajaribu. Nilienda Ggaba asubuhi boti zinapoingia, nikapata kipande cha bondo bichi, nikakikausha juu ya bati siku nne huku nikiwafukuza paka. Siku ya tano nikakitia kwenye sufuria. Kahawa iling'aa, nakuapia, iling'aa kama chai ya rangi. Harufu ikawa ya mwalo. Mzee mmoja alinusa kikombe, akakirudisha mezani kwa heshima zote, akasema, "Hii mtani wangu mvuvi angeilipa." Kosa langu nililijua baadaye: utando huo lazima ukwanguliwe damu na mafuta yote, uoshwe kwa maji mengi, tena uloweke usiku kucha kabla ya kuukausha. Ngozi ya samaki nayo ni hivyohivyo, haitakiwi kubaki na nyama hata chembe. Sijarudia. Yai linapatikana kila duka.

Na ni halali?

Samaki ni halali. Unachopaswa kuuliza ni jelatini ya paketi, ukiitumia badala ya bondo, maana hiyo wakati mwingine hutoka kwa nguruwe, na paketi si mara zote husema. Yai halina maswali.

Chumvi je?

Chembe chache tu, kama unayoshika kwa ncha ya vidole viwili, kwa sufuria nzima. Haing'arishi kahawa. Inaudanganya ulimi: chumvi huufanya usisikie uchungu sana. Wanaokunywa kahawa iliyokaa motoni tangu asubuhi wataona tofauti. Ukizidisha umetengeneza supu.

Kwa nini chungu cha Waethiopia kina nywele mdomoni?

Swali hili huletwa na waliotoka kula Kabalagala, ambako Waethiopia na Waeritrea wamefungua migahawa mingi. Chungu chao huitwa jebena: tumbo mviringo, shingo ndefu, udongo uliochomwa. Kahawa inachemkia humo humo. Mdomoni huziba kwa nywele za mkia wa farasi au nyuzi za mtende, zikasokotwa kama kifungu kidogo. Kahawa inapita, unga unabaki. Majirani zetu Wasudani nao hutumia nyuzi za mtende kwenye jabana yao, na kahawa yao huwa na tangawizi ya kutosha kukutoa jasho.

Lakini mtazame mama anayeipika kabla ya kuziangalia nywele. Akiepua, haimimini. Anakilaza chungu kwenye kipete cha majani, kimeinama kidogo, anaendelea na mazungumzo. Dakika zile za maongezi ndizo zinazosafisha kahawa. Nywele zinamalizia tu. Na akimimina anamimina kwa mkupuo mmoja, kikombe hadi kikombe, bila kukiinua chungu wima tena, kwa sababu kila ukikiinua unayaamsha mashapo yaliyolala. Wanakunywa raundi tatu, maji yakiongezwa juu ya unga uleule: abol, tona, na ya tatu inaitwa baraka. Jina hilo halihitaji mkalimani hapa.

Na hili dele lako? Mbona kahawa ya pwani haina mashapo na sijaona kitambaa?

Ahsante kwa kuuliza, hili ndilo ninalolipenda.

Kahawa chungu ya Mombasa, Lamu na Unguja haipikiwi ndani ya dele. Watu wanaliona dele juu ya makaa wakadhani ndiyo sufuria. Buni inakaangwa hadi iwe nyeusi, inatwangwa kwenye kinu au kusagwa, inachemshwa kwenye chombo kingine kwa muda mrefu, wengine wakitia tangawizi, wengine iliki. Kisha inaachwa itulie. Inayomiminwa kwenye dele ni ile ya juu tu. Ndani ya dele inakaa juu ya makaa madogo, haichemki, inapata joto la kuistahimilisha barazani. Na angalia umbo lake: mdomo ule kama wa ndege hauanzii chini ya tumbo, unaanzia juu. Vumbi lililobahatika kupita linazama chini ya mdomo, na pale halina njia ya kutoka. Aliyelibuni umbo hilo alijua mashapo kuliko sisi sote.

Ndiyo maana muuzaji mzuri wa kahawa halikamui dele lake. Ukimwona analiinamisha hadi tone la mwisho, hicho kikombe si chako, mpishe anayekuja nyuma. Kwa vikombe vile vidogo visivyo na mkono, pamoja na kashata ya njugu, huna haja ya sukari ndani.

Wanaotumia soksi ni wachafu?

Wanaiita soksi kwa umbo lake. Haijawahi kuvaliwa. Malaysia na Singapore kahawa hupitishwa kwenye mfuko mrefu wa kitambaa wenye mkono wa waya, na buni yao hukaangwa pamoja na sukari na majarini, ndiyo maana ni nyeusi na inang'aa. Costa Rica wana kigoda cha mbao chenye mfuko wa pamba unaoning'inia, kikombe kinakaa chini yake. Ukitaka kufanya hivyo nyumbani, nunua kitambaa cheupe cha pamba kisichotiwa rangi, kichemshe kabla ya kukitumia. Baada ya hapo sabuni isikiguse, maana itarudi kwenye kikombe chako. Suuza kwa maji ya moto, kihifadhi kikiwa kimelowa, na siku kikianza kunuka kama mazulia ya mvua, kitupe.

Ya kaa la moto ndani ya kikombe ni kweli?

Kweli. Yogyakarta, Indonesia, kando ya stesheni ya treni, wauzaji huchukua kaa jekundu kwa koleo na kulitumbukiza kwenye kikombe cha kahawa yenye sukari. Huiita kopi joss, kwa sababu ya mlio. Wengi wanaamini inatuliza tumbo. Mimi naona kinachonogesha ni sukari kuungua kidogo. Usijaribu na mkaa wetu wa gunia. Hujui mti gani umechomwa humo, na mara nyingi mna vipande vya mbao iliyopakwa rangi.

Robusta ya Uganda inafaa kuchemshwa, au ninunue arabika?

Watu hushusha sauti wanapotaja robusta, utadhani wanamtaja ndugu aliyefungwa jela. Kwa kweli robusta ni mwenyeji: mpaka leo inaota porini kwenye misitu yetu kama Kibale. Arabika ndiyo mgeni, iliyoletwa ikakaribishwa Elgon, Rwenzori na West Nile. Uganda ni ya pili Afrika kwa uzalishaji wa kahawa baada ya Ethiopia, na sehemu kubwa ya mavuno yake ni robusta.

Kwa kuchemsha, robusta ina nguvu, ina povu, na haipotei ukiitia tangawizi. Kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika, basi usinywe kama maji. Kinachoiharibia jina ni jinsi inavyokaushwa. Kahawa inayokaushwa na tunda lake zima huitwa kiboko, na kiboko kilichoanikwa chini kwenye udongo hunywa harufu ya udongo, hupata ukungu, na hakuna yai litakalokiokoa. Ulizia iliyokaushiwa kwenye turubai au kwenye vichanja. Kaanga isifikie weusi wa mkaa. Ikianza kutoa mafuta kwa nje, epua. Saga nene. Unga laini kama poda ndio mzazi wa mashapo yote.

Kwa nini sisi tunaoilima hatuinywi?

Huyu anayeuliza huwa ameshika kikombe cha chai. Lakini jibu si kwamba hatukuijua. Baganda waliitafuna kabla hawajaichemsha. Emmwanyi huchumwa kabla haijaiva, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu, hukaushwa, na mgeni akiingia huletewa kwenye kikapu kidogo kabla ya neno lolote la maana. Ng'ambo ya mpaka, Wahaya wa Bukoba wana desturi iyo hiyo. Na kulikuwa na omukago, undugu wa damu: tunda la kahawa lina punje mbili ndani, kila mmoja huchukua moja, huipaka damu yake kutoka mchanjo wa tumboni, akampa mwenzake aitafune. Tangu hapo hamuwezi kudhuriana. Ukifikiria hivyo, mzozo wetu kuhusu mashapo unakuwa mdogo. Waliotafuna punje nzima hawakuwa na la kuchuja.

Vijifuko vya emmwanyi bado vinauzwa barabara ya Masaka. Ninacho kimoja hapa chini ya benchi, kwa wanaouliza kwa adabu.

Maganda ya kahawa yanaweza kunywewa?

Yemen wanayanywa, wanaita qishr, pamoja na tangawizi, na ni kinywaji chepesi kizuri. Kwa maganda ya kiboko kilichoanikwa chini, hapana. Ukungu wa maganda hayo unaweza kuwa na sumu isiyotoka kwa kuchemsha. Peleka migombani.

Nimeambiwa Senegal wanaweka pilipili. Hiyo nayo?

Ni café Touba, imepewa jina la mji mtakatifu wa Wamouride, Waislamu wa tarika moja ya huko. Wanakaanga buni pamoja na djar, tunda jeusi lenye ukali kati ya pilipili manga na karafuu, kisha wanachuja kwa kitambaa. Hapa unaweza kukaribia ladha hiyo kwa pilipili manga tano na karafuu moja kwa kila kiganja cha buni, ukikaanga zote pamoja. Zaidi ya hapo utakohoa.

Nitajuaje kama unga niliouziwa umechanganywa na mahindi?

Swali hili lina kidonda changu. Niliwahi kununua kilo tano kwenye duka moja, bei nzuri, harufu nzuri. Nikatia yai, nikatia maji baridi, nikasubiri nusu saa. Kahawa ikabaki na mawingu kama uji. Wateja wakaniangalia kwa huruma.

Ile ilikuwa nusu mahindi ya kukaanga. Wanga wa mahindi huyeyuka kwenye maji ya moto na hautui kirahisi. Jaribio ni hili: chukua glasi ya maji baridi, nyunyiza kijiko cha unga juu yake bila kukoroga. Kahawa halisi huelea kwa muda mrefu kwa sababu ya mafuta yake, na maji hubaki karibu meupe. Mahindi na vitu vingine vya kukaanga huzama mapema na kuacha michirizi ya rangi ikishuka. Sasa sinunui unga. Nanunua buni, nakaanga mwenyewe, kelele za mashine nazisikia mimi.

Maji yachemke kiasi gani?

Kampala ipo karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Hilo ni joto zuri kwa kahawa, hivyo usiogope ukisoma vitabu vya watu wa pwani vinavyokuonya maji yasichemke. Kapchorwa, juu huko Elgon, yanachemka chini ya nyuzi 95, nao wanahitaji dakika moja zaidi. Kosa ni kuyaacha yakitokota robo saa na kahawa ndani: harufu yote inakwenda kwa jirani.

Kuna madhara kwa afya?

Kahawa ya kuchemsha isiyochujwa kwa karatasi ina mafuta yanayoweza kupandisha kolesteroli. Kama daktari amekwisha kukuonya, hapo ndipo karatasi ya yule mama wa Dresden inapokufaa, au upunguze vikombe. Robusta ina kiasi kidogo cha mafuta hayo kuliko arabika, ila kafeini yake nimeshaitaja. Wajawazito wanywe kidogo. Mwenye vidonda vya tumbo nampa tangawizi tupu na kumsikiliza.

Unafungua saa ngapi?

Wakitoka swala ya alfajiri sufuria ya kwanza imeshatua. Kahawa ya dele ipo kila siku. Ya yai ni Ijumaa tu, baada ya swala ya adhuhuri, na kwa kuwa yai siku hizi linanifikia bei ya kikombe changu, njoo na lako. Ukija na la kienyeji nitakupa kashata.